Damu Irudi kwa Mwenyewe

Mama mkubwa alikuwa amekwisha kuchomwa ganzi na mdomo umeanza kumlemea upande mmoja, ndipo muuguzi akamfunga mpira juu ya kiwiko na kuanza kuutafuta mshipa. Mama mkubwa akaukunja mkono. Gego linalomtesa liko taya la chini, nyuma kabisa; mkononi wanatafuta nini? Daktari, mtu wa makamo mwenye sauti ya taratibu, akamwinamia karibu na sikio. "Mama, naomba uniazime damu kidogo. Nitakurudishia hapa hapa, kabla hujanyanyuka kwenye kiti." Mkono ukanyooka. Watu wa umri wake wamezoea kwamba hospitali ni mahali pa kutolewa vitu, na anayeahidi kurudisha anastahili kusikilizwa.

Ilikuwa kliniki ndogo ya meno pale Upanga, Dar es Salaam, yenye viti viwili na feni moja. Nilimsindikiza kwa sababu ana kisukari, na kilichomtia hofu kuliko maumivu yenyewe ni kidonda kisichotaka kufunga. Niliruhusiwa kukaa pembeni, mgongo ukutani, na nilichokiona tangu hapo sijaacha kukisimulia kwa kila anayenivumilia.

Damu ilichukuliwa kwenye chupa nyembamba za maabara zenye vifuniko vyekundu, kila moja ya mililita 10. Chupa za aina hiyo hazina dawa ya kuizuia damu isigande, na ugumu wote wa kazi umekaa hapo. Damu ikishagusa ukuta wa chupa huanza kuganda yenyewe, haimngoji mtu. Ikicheleweshwa dakika chache tu kabla ya kuingia mashineni, nyuzi zake hujishika ovyo kila mahali, na kitakachotoka ni kipande kidogo, legevu, kisichofaa kitu. Kwa hiyo muuguzi hakuwa na haraka alipokuwa akiutafuta mshipa, lakini alipoupata alifanya haraka bila papara. Mashine ilikuwa hatua moja kutoka kwenye kiti, kifuniko wazi, umeme tayari. Chupa zikapangwa zikitazamana, mbili kwa mbili, ili uzito ulingane na mashine isitetemeke, maana mtetemo nao huziumiza chembe za damu. Simu iliyokuwa mezani ikalia hadi ikakatika. Hakuna aliyegeuza shingo.

Mashine ikaanza kuvuma na daktari akarudi kwenye gego. Sitaeleza jinsi alivyoling'oa. Alilegeza, akangoja, akalegeza tena, na taya halikuvutwa kwa nguvu hata mara moja. Niseme tu kwamba dakika zile za mashine kuzunguka alizitumia zote, na gego lilipotua kwenye sinia, mlio wa mashine nao ukaanza kushuka. Mtu aliyeifanya kazi hii mara nyingi huwa na muda wake kichwani.

Wenye historia ya njia hii ya kutumia damu ya mgonjwa mwenyewe huitaja miji miwili. Wa kwanza ni Miami, ambako mwaka 1998 Robert Marx na wenzake walichapisha taarifa ya wagonjwa 88 waliopandikizwa mfupa kwenye mataya yaliyopoteza sehemu zake, baadhi yao wakiwekewa pamoja na mfupa huo majimaji ya damu yao wenyewe yaliyojaa chembe sahani, zile chembe ndogo zinazoanzisha kazi ya kuganda. Njia yake ilifaa, lakini ilikuwa ndefu. Damu iliwekewa dawa isigande, ikatenganishwa, kisha ikatafutiwa dawa nyingine ya kuigandisha upya, thrombini iliyotoka kwa ng'ombe. Mji wa pili ni Nice, kusini mwa Ufaransa. Huko Joseph Choukroun, daktari wa usingizi aliyekuwa akishughulika na wagonjwa wa maumivu sugu, aliachana na dawa zote mbili. Yeye na wenzake walichapisha njia yao mwaka 2001: toa damu, izungushe mara moja, basi. Damu inajua kuganda, kwa nini uizuie halafu uibembeleze? Kipimo kilichoenea baada ya hapo ni takriban mizunguko 2,700 kwa dakika, kwa dakika 12. Kisha, mwaka 2014, Shahram Ghanaati wa Frankfurt pamoja na wenzake, Choukroun akiwa mmoja wao, wakaonyesha kwamba mwendo wa polepole zaidi huzitawanya chembe vizuri zaidi ndani ya donge. Ugunduzi huo unanifurahisha kila nikiukumbuka. Katika ulimwengu ambao kila mashine mpya husifiwa kwa kasi, hawa waliboresha kazi yao kwa kupunguza mwendo.

Mashine ikanyamaza. Daktari akabadili glavu, akatoa chupa ya kwanza na kuiinua kwenye mwanga wa dirisha. Chini palikuwa na wekundu mzito uliotulia. Juu, maji ya rangi ya majani makavu. Katikati kulikuwa na kitu ambacho sikutarajia kukiona kikitoka kwenye mwili wa mtu: donge la manjano hafifu, linalopitisha mwanga, laini na lenye utelezi kama nyama changa ya dafu. Akalishika kwa kibano, akalivuta taratibu, na donge likatoka zima, likiwa na mkia mwekundu unaoning'inia chini yake.

Mkia ule ndio uliokuwa mtihani. Nilimwona akichukua mkasi, akausogeza kwenye mpaka wa manjano na nyekundu, kisha akateremka kidogo. Akasita. Akakata ndani ya wekundu, akaacha utepe mwembamba wa damu nyekundu ukiwa umeshikamana na donge. Kwa macho yangu ilikuwa kazi isiyopendeza. Ningekuwa mimi, ningekata palepale mpakani, donge likabaki safi la manjano. Nikamuuliza kwa nini ameacha uchafu. Hakuinua macho. "Hapo pekundu ndipo mali ilipo," akasema.

Baadaye nilisoma na kuelewa. Chupa inapozunguka, chembe nyekundu ambazo ni nzito hukimbilia chini, na chembe sahani pamoja na chembe nyeupe nyingi hukusanyika karibu na mpaka, sehemu ya chini kabisa ya donge, palepale linapogusana na wekundu. David Dohan Ehrenfest, aliyeandika sana juu ya donge hili kuanzia mwaka 2006, alilieleza jambo hilo wazi. Anayekata mpakani kwa kupenda usafi hulitupa tabaka lililomfanya atoe damu tangu mwanzo. Anayekata chini mno hubeba wekundu mwingi usio na kazi. Nafasi iliyopo kati ya makosa hayo mawili ni milimita chache, na haina mstari uliochorwa. Damu ya huyu si damu ya yule. Mwenye upungufu wa damu donge lake huwa refu, na mwenye damu nzito donge lake huwa fupi. Mkono hujifunza kwa kukata mengi, tena mbele ya mtu anayejua, anayeweza kukugusa kiwiko na kukuambia shuka kidogo.

Nimekuwa nikiufikiria sana utepe ule mwekundu. Chembe sahani zilielezwa na Giulio Bizzozero wa Torino mwaka 1882, naye akaonyesha kwamba ndizo za kwanza kujishikiza pale mshipa unapojeruhiwa. Kabla yake wengi waliziona kwenye darubini na kuzipuuza, wakidhani ni vumbi au masalio ya chembe nyingine. Ndani ya mikrolita moja ya damu ya mtu mzima mwenye afya zimo kati ya 150,000 na 450,000, kila moja ikiishi siku saba hadi kumi tu. Zikifika kwenye jeraha hufunguka na kumwaga viini vinavyoiita mishipa mipya ichipue na vinavyoziamsha chembe za kujenga nyama na mfupa. Katika majimaji ya Marx viini hivyo humwagika vingi mwanzoni na kuisha mapema. Katika donge la Choukroun vimenaswa kwenye wavu wa nyuzi, navyo hutoka kidogo kidogo kwa wiki nzima na zaidi. Kwa jeraha la mtu mwenye kisukari, wiki hiyo ina thamani kubwa.

Yale madonge yakalazwa kwenye kisanduku cha chuma chenye sakafu ya matundu, yakafunikwa kwa bamba zito. Hakuyaminya kwa mkono. Aliacha uzito wa bamba ufanye kazi, na maji yake yakadondoka chini, naye akayahifadhi kwa kulowesha. Zikatoka tandu nyembamba, zenye unyevu, imara kiasi cha kuvumilia uzi na sindano. Mmoja aliukunja na kuushindilia hadi chini ya shimo la gego, na mwingine juu yake, wa mwisho akautandaza mdomoni mwa shimo na kuubana kwa mishono miwili iliyopishana. Kisha akamgusa mama mkubwa begani. "Deni nimelipa, mama." Kwa kuwa mdomo ulikuwa mzito, mama mkubwa aliitikia kwa kichwa.

Kliniki ile ilinirudisha Tanga, utotoni, kwa mganga wa meno wa hospitali ya wilaya, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Hakuwa na mashine yoyote ya kuzungusha kitu. Alikuwa na koleo, sindano, pamba na jiko la kuchemshia vyombo. Lakini akishang'oa jino alikuwa na jambo lake moja. Alizibana kingo za fizi kwa vidole viwili, akavitoa, kisha akakaa kimya akilitazama pengo. Alingoja damu ijae. Foleni ilikuwa imejaa hadi chini ya mwembe, watoto wanalia, lakini yeye anatazama. Shimo likijaa hadi ukingoni na damu ikaanza kuwa nyeusi, ndipo anaweka pamba na kusema, "Ng'ata, na usiteme."

Nyumbani bibi aliendeleza pale mzee alipoishia. Aliyeng'olewa jino aliketishwa barazani, hakuruhusiwa kunyonya muwa wala kunywa dafu kwa mrija, wala kutema mate uani. Mate yakijaa unayaacha yatiririke kwenye kitambaa, basi. Maji ya chumvi ya uvuguvugu yalikuwa ya kesho yake, kamwe si ya siku hiyohiyo. Sisi wajukuu tuliona ni ukali wa kizee. Bibi hakusoma juu ya nyuzi wala chembe, lakini alijua kwamba kile kidonge cheusi kilichoziba pengo kina kazi, na kwamba mkosaji mkubwa ni ulimi usioweza kutulia.

Kidonge kile kikitoka mapema, mfupa hubaki wazi. Madaktari wana jina lake, tundu kavu, na J. Y. Crawford wa Marekani alilieleza mwaka 1896. Maumivu hayaji siku ya kwanza. Huja siku ya pili hadi ya nne, wakati mtu ameshaanza kujipongeza, nayo hupanda hadi sikioni na kumnyima usingizi. Magego ya chini ya mwisho ndiyo yanayopatwa zaidi, na wavutaji wa sigara wako hatarini kuliko wengine. Dawa inayowekwa humo kutuliza mara nyingi ina eugenoli, kiini cha mafuta ya karafuu, na wazee wetu wa Pemba na Unguja waliokuwa wakibana karafuu kwenye jino bovu wasingeshangaa kuisikia harufu yake kwenye kliniki za leo.

Ninayoyasema haya nayasema kwa uchungu, maana nimeona pia upande mwingine. Binamu yangu aling'olewa gego kwenye kliniki moja ambayo sitaitaja. Dakika hiyohiyo akapewa kikombe cha maji: sukutua, tema, sukutua tena. Alisukutua hadi maji yakatoka meupe. Mhudumu alifurahi kuona kinywa kisafi na kuita jina la anayefuata. Siku ya tatu binamu yangu alikuwa akitembea uani usiku wa manane, kiganja shavuni. Hakuna aliyemkusudia mabaya. Damu iliyotakiwa kubaki ilionekana uchafu, na uchafu huoshwa.

Sasa mashine zimeingia mijini na mabango yake yamebandikwa. Ponywa kwa damu yako mwenyewe, yanasema, na chini yake kuna bei. Mashine hununuliwa, ni kweli, tena si ghali kama vifaa vingi vya meno. Kisichouzwa pamoja nayo ni ile haraka ya muuguzi, ule mkasi unaosita, na mtu wa kukugusa kiwiko. Nimesimuliwa na mafundi wa meno juu ya chupa za vifuniko vya zambarau kutumiwa kwa sababu za vyekundu zimekwisha. Hizo zina dawa ya kuizuia damu isigande. Unaweza kuizungusha hadi kesho, donge halitatokea. Wamenieleza juu ya chupa zilizojazwa damu zikaachwa mezani mpaka mtu amalize kuzungumza na simu. Na nimejionea mwenyewe picha zinazorushwa mitandaoni, za madonge ya manjano yaliyokatwa safi mpakani, yanapendeza, hayana hata chembe ya wekundu. Watu wanazipenda. Mali yenyewe imebaki ndani ya chupa, na chupa imeingia kwenye ndoo ya taka.

Mgonjwa hana njia ya kulijua hilo. Amelala chali, macho kwenye taa, amelipa. Utandu uliokatwa vizuri na uliokatwa vibaya vyote hushonwa chini ya uzi uleule, na fizi huvifunika vyote viwili. Kosa la mshona nguo litaonekana sokoni, kosa hili halitaonekana popote isipokuwa kwenye dhamiri ya aliyeshika mkasi. Ndiyo maana naihofia kazi hii zaidi ya nyingine. Kazi isiyokaguliwa na macho ya watu huishi kwa heshima ya fundi peke yake, na heshima hiyo haifundishwi kwenye video ya dakika tatu.

Wala sitaki kuitukuza kupita kipimo chake, maana sifa za uongo nazo huiua kazi. Majaribio mengi yaliyofanywa kwenye magego ya mwisho ya chini yameonyesha maumivu kupungua, fizi kufunga vizuri zaidi na tundu kavu kuwa nadra. Kwenye mfupa wenyewe ushahidi si wa nguvu hivyo. Jino likishatoka, ukingo wa taya hupungua upana, karibu nusu ndani ya miezi 12, na sehemu kubwa ya upungufu huo hutokea miezi mitatu ya mwanzo. Donge la damu linaweza kusaidia kidogo, lakini halizuii. Wala haliponyi kisukari, haliuondoi usaha, halifanyi kazi ya mtu anayepiga mswaki. Daktari yule wa Upanga aliyasema yote haya kwa mama mkubwa kabla ya kuanza, na akamtaka kwanza awe ameshusha sukari. Alimrudisha nyumbani mara ya kwanza kwa sababu hiyo, akakosa malipo ya siku hiyo bila kunung'unika.

Fizi ya mama mkubwa ilifunga. Ingeweza kufunga hata bila donge, siwezi kuapa. Ninachoweza kuapia ni mikono niliyoiona.

Nilimuuliza daktari alijifunza wapi kukata vile. Akamtaja mwalimu wake kwa heshima, mtu aliyekuwa akimsimamisha nyuma yake miezi mingi bila kumruhusu kugusa mkasi. Nikamuuliza yeye sasa anamfundisha nani. Akafikiri. Vijana huja, akasema, wanakaa wiki, wanapiga picha ya mashine na kuuliza inauzwa wapi. Mmoja alikaa zaidi, akapata kazi Nairobi, akaondoka. Kigoda kilichokuwa nyuma ya kiti cha mgonjwa, ambacho nadhani kiliwekwa kwa ajili ya mwanafunzi, ndicho nilichokuwa nimekalia mimi.

Wahitimu wa Muhimbili na wa vyuo vingine mnaosoma haya, mtafuteni mtu kama huyu angali ana nguvu. Simameni nyuma yake. Msiulize bei ya mashine kabla hamjaona anavyosita na mkasi. Nanyi wenye kliniki, msiweke mashine pasipo na mtu aliyefundishwa, na msimpe mgonjwa kikombe cha kusukutua damu ambayo mwili wake umeileta kwa kazi. Nawe msomaji, utakapong'olewa jino, penye mashine au pasipo na mashine, ng'ata pamba yako nusu saa, usiteme, usinyonye mrija, usivute sigara, na maji ya chumvi yaache hadi kesho.